Kinyongo Changu na Maswali ya Rozari

Watu wa jumuiya yetu ya Kikatoliki huku Sofu, Kibaha, wananiita mwalimu wa rozari. Mtu akitaka kujua kama inafaa kusali akiwa amejilaza kitandani, anatumwa kwangu. Akitaka kujua kama rozari ya plastiki aliyoletewa na shangazi yake ni lazima ibarikiwe kwanza, anatumwa kwangu. Wananipisha kiti, wananisalimia kwa mikono miwili, na mama mmoja aliwahi kusema mbele ya watu kwamba nimejaliwa moyo wa sala. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba karibu kila ninachokijua kuhusu rozari nilikijua kwa sababu nilitaka kumkomesha mwanamke mmoja.

Jina lake silitaji. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu kwa miaka mingi, na jumuiya yenyewe nayo siitaji. Kama ataletewa haya akayasoma na kujijua, basi amejijua.

Inabidi nianze na mama yangu. Mama alizaliwa Kisarawe, kwenye nyumba ya Kiislamu, akasoma chuo cha Kurani kama watoto wenzake wote wa kijijini. Alibatizwa alipoolewa na baba, Mkatoliki aliyekuja huku Pwani kutafuta kazi. Kwao hawakumtenga. Bibi alinuna kama mwaka hivi, halafu nikazaliwa mimi, akaacha kununa. Baba alipofariki nilimchukua mama tukakaa wote hapa Sofu. Mimi nina cherehani yangu Maili Moja, natoka asubuhi narudi alasiri, na yeye alikuwa anabaki nyumbani na redio yake na kuku wake sita.

Mama alisali rozari kila siku ya Mungu, ila aliisali kwa tasbihi ya babu. Rozari aliyopewa siku ya ubatizo ilikatika zamani, punje zikatawanyika chini ya kabati, na yeye akasema hana haja ya kutafuta nyingine wakati ya marehemu baba yake ipo. Ilikuwa ya mbao, punje thelathini na tatu, zimeng'aa kwa kushikwa. Kwa hiyo hesabu ya mama ikawa ya kwake mwenyewe. Baba Yetu moja, Salamu Maria thelathini na tatu, Atukuzwe Baba, anaanza upya. Mara tatu, basi, anabusu tasbihi na kuiweka chini ya mto. Nilimwambia siku moja kwamba ni kumi kumi, mafungu matano, na kila fungu lina tendo lake la kutafakari. Akanitazama kwa huruma.

"Kwani Mama Maria anahesabu?"

Nikamwacha. Mtu anayezidisha unamkatazaje?

Sasa, Oktoba kwetu ni mwezi wa rozari. Sanamu ya Bikira Maria inahama nyumba kwa nyumba, leo kwa huyu kesho kwa yule, na kila siku saa kumi na moja jioni wanajumuiya wanaifuata ilipo, wanasali hapo, kisha wanaibeba kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata. Ni heshima kubwa kuipokea. Watu wanapaka rangi ukuta kwa ajili ya jioni moja. Mwaka huo ilipofika zamu yetu, mama alifagia uwanja tangu alfajiri, akatandika kitambaa cheupe nilichokidarizi mwenyewe, akavaa gauni lake la Pasaka. Utaratibu ni kwamba mwenye nyumba anapewa heshima ya kuongoza fungu la kwanza. Nikamwambia mama aongoze yeye, maana nyumba ni ya mkubwa.

Hilo kosa ni langu, nalijua. Nilisahau kabisa hesabu yake.

Akaanza vizuri, kwa sauti yake ile ya chini. Kumi ikafika. Watu wakawa na Atukuzwe Baba mdomoni tayari, mama akaendelea na Salamu Maria. Kumi na mbili. Kumi na tano. Wengine wakawa bado wanaitikia, wengine wakaanza kutazamana, na kinamama wawili nyuma wakajifunika kanga midomo. Mama alikuwa amefumba macho, hakuona kitu. Alipofika kama ishirini hivi, mwenyekiti akapiga kofi, pa, kama anayefukuza kuku.

"Mama, hapa siyo msikitini. Huo uradi wako kaumalizie Kisarawe."

Watu wakacheka. Siyo wote, lakini waliocheka walitosha. Mama alifumbua macho kidole chake kikiwa bado juu ya punje. Mwenyekiti akalichukua lile fungu akalisali yeye kuanzia mwanzo, kumi kamili, sauti juu, kila neno analitafuna.

Mwisho wa sala huwa wanauliza kama kuna mwenye swali. Mama akanyoosha mkono. Alikuwa na miaka sabini na kitu na alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Samahani mwenyekiti. Nikizidisha, ni dhambi?"

"Hayo ni maswali ya watoto wa komunyo ya kwanza," mwenyekiti akasema. "Jumapili nenda ukakae nao, watakujibu."

Wakacheka tena. Mama akasema, "Haya." Na mimi, mwanawe wa kumzaa, nilikuwa nimesimama pale na birika la chai mkononi. Nilimimina chai, nikampa mwenyekiti kikombe chake kwa mikono miwili, nikamuuliza kama sukari inatosha. Watu wanadhani kinyongo changu chote kilikuwa juu ya yule mwanamke. Nusu yake ilikuwa juu ya hilo birika.

Mama hakurudi tena jumuiya. Nilimbembeleza sana. Alinijibu kwamba yeye atasali na kuku wake, maana kuku hawacheki. Akaendelea hivyo na thelathini na tatu zake kwa miaka miwili, mpaka asubuhi moja nilipompelekea uji nikakuta ameshaondoka.

Kwetu mtu akifa, kabla padre hajafikiwa, mwenyekiti wa jumuiya anatakiwa atoe neno kwamba marehemu alikuwa hai kwenye jumuiya. Ndivyo inavyosemwa, alikuwa hai. Maana yake alikuwa anahudhuria. Nikaenda kwa mwenyekiti miguu peku, kanga kiunoni, sijanawa uso. Alikuwa anachambua mchicha mlangoni kwake. Alinipa pole. Kisha akasema, bila kuacha mchicha wake, "Lakini dada, miaka miwili hatumwoni. Unataka mimi nikaseme uongo kanisani?"

Nikamwambia wewe ndiye uliyemfukuza. Akasema hajamfukuza mtu, alimrekebisha, na asiyetaka kurekebishwa ana yake. Na kwamba utaratibu ni utaratibu, leo akimwachia huyu kesho atamwachia yule.

Ikawa hivyo. Padre hakuja na jumuiya haikuja. Wachache walipita kimyakimya kunipa pole, wakaondoka kabla hawajaonekana.

Nikampigia simu mama mdogo Kisarawe, mdogo wake mama, Mwislamu wa swala tano. Hakuuliza chochote kuhusu jumuiya wala padre. Alisema, "Mlete kwao." Tukakodi gari tukampeleka. Tulipofika, kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa, maji yameshatekwa, masufuria yako juu ya mafiga. Binamu yake mama, ambaye ndiye anayesalisha msikiti wa pale, alinifuata akaniuliza kwa adabu tunamzika vipi. Nikamwambia ni Mkristo. "Haya," akasema, "sisi tutachimba na tutambeba. Nyie semeni maneno yenu." Sisi wenyewe tulikuwa mimi, na katekista mmoja mzee wa kigango cha jirani aliyekuja kwa pikipiki bila kuuliza karatasi ya mtu yeyote. Mungu ambariki yule mzee mpaka wajukuu zake.

Kabla ya kumtoa ndani nilimsalia mama rozari. Katekista alikuwa bado njiani, kwa hiyo niliongoza peke yangu, na chumba kizima kilikuwa kimejaa wanawake wa Kiislamu waliokaa mikekani. Rozari inataka mtu wa kuitikia. Nilisema nusu yangu ya Salamu Maria, nikanyamaza, nikakumbuka hakuna mtu wa nusu ya pili, nikaisema mwenyewe. Nilipofika mwisho, mama mdogo akasema, "Amina." Na wengine wakafuata. Tukaenda hivyo hivyo, Salamu Maria hamsini na amina hamsini. Tulipomaliza mmoja akauliza kwa sauti ya chini kwa nini tunarudia maneno yale yale mara zote hizo. Mama mdogo akamjibu, "Na wewe ukisoma uradi unasema mara moja?" Yule akasema ah, kweli, na swali likaisha. Nimelisikia swali hilo mara mia tangu siku ile, kwa walokole, kwa wasomi, kwa Wakatoliki wenyewe, na sijasikia likijibiwa vizuri kuliko vile.

Kaburini wenzangu walilia. Mimi nilikuwa naapa. Niliapa kwa jina la mama aliyekuwa analala mle ndani kwamba yule mwanamke atakuja kuaibika kwa jambo lile lile, mbele ya watu wale wale, na mimi nitakuwepo nikitazama. Malipo ni hapa hapa duniani, na mimi sikutaka kumwachia Mungu kazi yote.

Kuuliza si ujinga, na mimi nilianza kuuliza. Nilimfuata katekista wetu wa Kibaha, nikawafuata masista, nikamvizia padre nje ya sakristia mpaka akawa akiniona anaangalia saa. Matendo ya furaha ni Jumatatu na Jumamosi, ya uchungu Jumanne na Ijumaa, ya utukufu Jumatano na Jumapili, ya mwanga Alhamisi. Yote ishirini nikayashika kwa mpangilio, na somo la kila moja. Nilijua kwamba ukisinzia katikati hujatenda dhambi, endelea pale ulipoishia. Nilijua kwamba ukipoteza hesabu, vidole vipo, na ukizidisha hujamkosea mtu. Hilo la kuzidisha nilimuuliza padre mara mbili ili nilisikie vizuri. Alicheka, akasema angepata waumini watano wanaozidisha angelala usingizi. Nikatoka pale machozi yananitoka, watu wakadhani nimetoka kuungama.

Kuungama nako nilienda. Nikamuuliza padre kama mtu anaweza kusali rozari huku ana chuki moyoni. Akaniambia nisali tu, nisiache, ila kila siku fungu moja nimwombee huyo ninayemchukia. Nilitii. Kila siku nilimwombea fungu zima. Nilimwomba Mama Maria amshushe yule mwanamke hadharani, taratibu, asiumwe wala asipatwe na msiba, ashushwe tu.

Na jumuiya niliendelea kwenda, kila Jumamosi asubuhi, wa kwanza kufika. Shikamoo yangu aliikosa tangu msiba, ingawa ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na tano. Nilikuwa namwambia "Tumsifu Yesu Kristo" na yeye analazimika kuitikia "Milele, amina", biashara imeisha. Kisha zikaja nia. Kabla ya kila fungu mtu anaruhusiwa kutaja nia anayoiombea, na sisi watu wa Pwani tunasemana kwa kanga tangu zamani, kwa hiyo hatukuhitaji kufundishwa. Nilisema, "Nawaombea wote wenye vyeo, Mungu awakumbushe kwamba kiti hakizikwi na mtu." Watu wakaitikia, ee Bwana utusikie. Fungu linalofuata mwenyekiti naye akasema, "Nawaombea wanaokuja kwenye sala wamebeba sumu, Mungu awatapishe." Ee Bwana utusikie. Jumamosi ile nyingine nikaja na nyingine, na yeye akaja na yake. Mahudhurio yakapanda. Kuna mama alikuwa anaamka na mafua yake kuja kusikiliza nia tu.

Lakini vijembe haviui. Nilikuwa natafuta kitu, na nilikipata kwa kumtazama. Sala za jioni za Oktoba alikuwa anaongoza yeye mara nyingi, anapenda sauti yake, lakini Alhamisi haongozi. Alhamisi koo linamwasha, au anamwachia katibu kwa sababu katibu naye azoee. Mwaka wa kwanza nikadhani ni bahati. Mwaka wa pili nikaanza kuhesabu. Kufika wa tatu nilikuwa na hakika. Matendo ya mwanga yaliongezwa sisi tukiwa watu wazima. Yeye alijifunza rozari utotoni, na utotoni Alhamisi walikuwa wanasali ya furaha. Yale matano mapya hakuwahi kuyashika, na mtu aliyejifanya mwalimu wa wote angemwendea nani kuuliza?

Mwaka huo sanamu ilipangwa kufika kwake Alhamisi. Nilipoona ratiba ukutani kanisani niliisoma mara tatu.

Nikashona gauni jipya. Nilifika mapema, nikakaa mstari wa mbele, kwenye mkeka. Uwanja ulijaa, maana kwa mwenyekiti kila mtu anataka kuonekana. Katibu akainuka kama kawaida ya Alhamisi, na mimi nikanyoosha mkono. Nikasema kwa sauti tamu kabisa, "Katibu, samahani. Mwenye nyumba ndiye hupewa heshima ya fungu la kwanza. Na kwa kuwa ni mwenyekiti wetu, tunamwomba leo atuongoze yote matano, tubarikiwe." Watu wakapiga makofi. Maskini, walipiga kwa nia njema.

Akanitazama. Alijua. Akafanya ishara ya msalaba, akasali Nasadiki, akasali zile za mwanzo, halafu akasema, "Tendo la kwanza la furaha."

"La mwanga," nikasema taratibu. "Leo Alhamisi."

"La mwanga," akasema. Kisha hakuna kitu. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Katibu akataka kumnong'oneza, nikamtazama, akatazama chini. Mwisho nikasema, bado kwa ile sauti tamu, "Mwenyekiti, kama ni vigumu, watoto wa komunyo ya kwanza wapo hapa, wanayajua." Na kweli walikuwepo, wanne, wamekaa na sare zao, na mmoja kwa ujinga wake wa kitoto akayataja yote matano mbio mbio bila kupumua.

Watu wakacheka. Wale wale. Nilisikia kicheko kile kikiingia mwilini mwangu na nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi mpaka vidole vya miguu. Uchaguzi ulipofika hawakumrudisha. Kiti kilikwenda kwa katibu, na mimi nikapewa kazi ya kufundisha rozari, kazi ambayo haikuwepo kabla.

Tangu hapo ndiyo maswali yanakuja. Najibu, ila mtu asitegemee kubembelezwa. Mtu ananiuliza kama anaweza kusali huku anasonga ugali. Namwambia sali, usiunguze. Mwingine anauliza kama kuivaa rozari shingoni kunazuia uchawi. Namwambia rozari siyo hirizi, kama unaogopa wachawi kaa nao vizuri. Jirani mlokole anauliza kwa nini tunamwomba Maria badala ya kwenda kwa Mungu moja kwa moja. Namuuliza yeye kila Jumapili anampa mchungaji wake karatasi za maombi za nini, si aende moja kwa moja? Anaondoka amenuna, wiki ijayo anarudi na lingine. Asiye Mkatoliki anaruhusiwa? Anaruhusiwa, haulizwi cheti. Na kumsalia marehemu, inasaidia? Hili ndilo linaulizwa kuliko yote, hasa na watu wenye msiba mbichi, na hapa ukali wangu huwa unaisha. Nawaambia inasaidia. Nawaambia inamfikia, hata kama unasali huku akili imehama, hata kama mikono yako si safi, maana anayeipeleka siyo wewe. Hayo siyo yangu, padre aliniambia hivyo hivyo nilipomuuliza kuhusu mama.

Yule mwanamke hakuacha jumuiya. Ningependa angeacha. Alihamia kwenye benchi la karibu na mlango, akawa anakuja, anasali, anaondoka. Nia hataji tena. Nilizoea kumwona pale na kila nikimwona nilikuwa nasikia utamu kidogo, kama ladha ya asali iliyobaki kwenye jino.

Mwaka huu, siku za karibuni tu, alikuja dukani kwangu Maili Moja. Ilikuwa asubuhi, nimefungua muda si mrefu, mteja hakuna. Alikuwa amebeba gauni kwenye mfuko. Alisema limemzidi, anaomba nimpunguzie ubavuni. Kweli alikuwa amekonda. Ufundi ni ufundi, nikachukua futi, nikamwambia anyooshe mikono. Nilikuwa nimemzungushia futi kiunoni, uso wangu uko karibu na bega lake, aliposema, "Mwalimu, nina swali la rozari."

"Uliza."

"Mtu amemkosea mwenzake. Yule mwenzake akafa kabla hajaombwa radhi. Sasa huyu mkosaji akawa anamsalia marehemu rozari, kila siku. Zile rozari zinamfikia, au kwa vile zimetoka kwa mtu aliyemuumiza, zinarudi?"

Nikaandika kipimo kwenye daftari.

"Mkosaji ni nani?"

"Mimi."

"Na marehemu?"

"Mama yako."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu wiki ile tuliyomzika. Alitaka kuja Kisarawe, akafika mpaka kwenye magari akarudi, kwa sababu alijua nitamfukuza. Nikamwambia ningemfukuza. Akasema anajua. Alisema hajawahi kumwambia mtu, padre mwenyewe alimwungamia dhambi tu, hakumwambia kuhusu hizo rozari. Hakulia. Alisema yote akiwa amenyoosha mikono yake pembeni, kwa sababu sikuwa nimemwambia aishushe.

"Sikuombi unisamehe," akasema. "Najua ulivyo, na una haki. Nataka kujua tu kama zinamfikia. Wewe ndiye unayejua, na wewe ndiye mwanawe."

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimewapa watu wangapi jibu hilo, wajane, mayatima, hata mlokole. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi tayari.

"Hazifiki," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja. Mpaka umwombe radhi mwenyewe kwanza, na mwenyewe hayupo."

Sheria hiyo haipo popote. Niliitunga pale pale, na nikaitoa kwa sauti ile ya mwalimu ambayo watu wanaiamini. Akashusha mikono. Alisema, "Ahsante, mwalimu," akaniuliza gauni litakuwa tayari lini, nikamwambia Alhamisi. Akaondoka akitembea taratibu ukingoni mwa barabara, na mimi nikakanyaga cherehani nikaimba mpaka mchana. Nilikuwa nimeshinda kabisa. Ile ya Oktoba ilikuwa aibu ya jioni moja, hii ilikuwa imeingia mpaka ndani.

Alasiri nikafunga, nikaenda nyumbani, nikakaa kumsalia mama kama ninavyofanya kila siku. Nikafika fungu la pili, ndipo nikaelewa nilichofanya. Mama yangu hakuwa na watu. Misa hakuimbiwa siku ya kuzikwa. Jumuiya haikumsalia hata Baba Yetu moja. Kisarawe wanamwombea kwa dua zao, na Mungu anazisikia, lakini rozari, ile aliyoipenda yeye, nilidhani kwa miaka yote hii ni mimi peke yangu ninayemsalia. Kumbe tulikuwa wawili. Alikuwa na watu wawili dunia nzima, na mimi mwanawe nimemwambia wa pili aache.

Gauni alilifuata Alhamisi, likamkaa vizuri. Jumamosi alikuja jumuiya kama kawaida. Nilikuwa naongoza mimi, na katikati ya fungu nilimtazama kule mlangoni. Midomo ilikuwa inaitikia pamoja na wengine, lakini mikono ilikuwa mapajani, mitupu. Zimeshapita Jumamosi nne. Ni neno moja tu la kumwambia, na hatua kumi kutoka kiti changu hadi benchi lake. Kila wiki nasema leo, na kila wiki namwona, roho inakataa, namwacha aende. Mama anisamehe. Bado sijataka kumpa.